Bi Pimbi na Kucha la Chuma la Bwana Chui

Kishindo!
— Kipo mlimani!
Kishindo!
— Kinashuka!
Kinamfuata nani?
— Aliye mdogo!

Basi, alikuwapo Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu, akiishi kwenye mwanya chini ya jabali. Na alikuwapo Bwana Chui, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua kutosheka. Mkono wake haukuingia kwenye mianya ya mawe, kwa hiyo alinunua trekta dogo, akawa anayaondoa mawe moja moja.

Du-du-du-du! Jiwe likaondoka, shangazi akaliwa pamoja na wanawe. Du-du-du-du! Jiwe likaondoka, mjomba akaliwa pamoja na wanawe. Kila trekta liliponguruma, Bi Pimbi aliwaziba watoto masikio, ingawa mikono yake ilikuwa miwili na masikio yalikuwa sita.

Likabaki jabali lao peke yake. Beleshi la trekta likasukuma, krrr! Likakwaruza, krrr! Jabali halikutikisika.

"Hili beleshi ni la kuchotea mchanga," Chui akasema. "Nataka kucha la chuma, la kukamata na kunyanyua."

Asubuhi ile Bi Pimbi alikuwa amechomoza kichwa atafute majani. Nyaku! Chui akamkamata shingo.

"Wewe unayajua mawe. Twende kwa fundi ukanichagulie kucha. Ukinidanganya, naanza na wewe. Ukisema kweli, nitakula watoto kwanza, wewe mwisho."

Wakaenda, Bi Pimbi akining'inia mkononi mwa Chui.

Fundi alikuwa Mzee Kakakuona. Alipomwona mgeni wake, magamba yalimgongana, kacha kacha kacha. Akaonyesha makucha mawili.

"Hili dogo ni jepesi, bwana mkubwa, ndilo la trekta lako. Hili kubwa ni la trekta la Tembo."

Chui akamgeukia Bi Pimbi. "Haya, sema. Lipi litaling'oa jabali lako?"

Bi Pimbi akayapima maneno yake. Akisifu kubwa, Chui atajua anadanganywa. Akinyamaza, ataliwa. Basi akaona njia moja tu, nayo ilimtisha kuliko zote. Akasema kweli.

"Chukua dogo, bwana mkubwa. Linatosha. Hilo kubwa ni zito mno, litakupindua."

"Mbona unatetemeka?"

"Naogopa."

"Unaogopa lipi?"

"Hilo kubwa."

Chui akacheka mpaka mate yakamdondoka. "Tangu lini chakula kikamtakia mlaji mema? Fundi, funga kubwa!"

Fundi akafunga. Trekta likainama mbele, nyiii.

"Basi angalau tufunge uzito nyuma," fundi akanong'ona. "Pipa la mawe."

Bi Pimbi akasema kweli: "Msikilize fundi, bwana mkubwa. Funga pipa."

"Ili niende polepole, wewe upate kutoroka? Sifungi!"

Wakarudi mlimani, Bi Pimbi akiwa amebanwa chini ya mguu wa Chui, pumzi ikimtoka kidogo kidogo. Kucha likafunguka, kwaaa. Likalikumbatia jabali. Kacha! Jabali likainuka kidogo, mwanga ukaingia mwanyani, na Bi Pimbi akaona macho sita yakimtazama.

Akapiga kelele, na bado alisema kweli: "Usilipandishe juu! Libebe chini chini!"

"Juu!" Chui akanguruma, akavuta mkono wa mtambo mpaka mwisho.

Magurudumu ya nyuma yakaacha ardhi. Chui akainua mguu ajishikilie, Bi Pimbi akachomoka, pwi! Kucha likaachia. Jabali likarudi chini, dii! Na trekta likapinduka na Chui wake, gulu gulu gulu, mpaka korongoni.

Vumbi likatanda. Bi Pimbi akasimama mbele ya jabali. Mwanya haukuonekana.

"Wanangu?"

Kimya.

"Wanangu!"

Akaanza kufukua kwa kucha zake, akafukua mpaka zikatoka damu. Mchanga ukatikisika, pua ndogo ikatokeza.

"Mama, zamu yetu imefika?"

"Imepita, mwanangu. Tokeni, mmoja mmoja."

Akawahesabu. Watatu. Akawahesabu tena, kwa kuwa hakuyaamini macho yake.

Chui naye alitambaa hadi kwa fundi, mguu umevunjika, mkia umepinda. Fundi akamuuliza, "Nani aliyekudanganya, bwana mkubwa?"

Chui akafikiri sana. "Ndilo linaloniuma," akasema. "Hakuna."

Haya, ngano nimeitua; mwenye mgongo aibebe. Na funzo lake ni hili: mkubwa hakosei kamwe. Ukimkuta korongoni miguu juu, mwamkie kwa adabu, kisha ukaulaumu mlima.