Kisima na Maneno Matatu

Ukimaliza kusoma hii, usikae nayo peke yako. Mpelekee mwalimu unayemfahamu, na mzazi pia.

Palikuwa na mwalimu wa Kiingereza aitwaye Bujiku, fundi wa lugha kwelikweli, lakini mkali kama pilipili. Shuleni kwake Kiswahili kilikuwa marufuku tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Aliyeteleza alivishwa kibao shingoni, na akirudia, alirudishwa kwao. Kilichomchefua Mwalimu kuliko vyote ni mwanafunzi kuchanganya "in", "on" na "at". Sisi tuna "-ni" yetu, tunaibandika mwishoni mwa neno na maisha yanaendelea: mezani, sokoni, kisimani. Mzungu ana maneno matatu, na ole wako uokote lisilo lake.

Siku moja, katikati ya kipindi, Nshoma wa darasa la tatu aliingia akihema, gauni limelowa. Alikuwa ametumwa kuchota maji, akafuatana na mdogo wake, Maduhu. Mtoto alikuwa ametumbukia kisimani, na kamba ya ndoo haikumfikia. Nshoma alitaka kupiga kelele kwa Kiswahili, ila kibao alikuwa amekwishakivaa juma lile.

"Sir," alianza kwa Kiingereza, "Maduhu... on the well..."

"On?" Mwalimu akamkatiza, naye kwa Kiingereza. "Amekaa juu yake kama kuku?"

Darasa likaangua kicheko. Nshoma akajaribu tena.

"At the well, sir... please..."

"Unabahatisha! Simama pale ukutani. Utaniambia ukishajua ni neno gani."

Mwalimu aliyaona machozi ya yule binti, akadhani ni aibu. Akajisemea moyoni kwamba aibu nayo hufundisha, akageukia ubao. Nyuma yake Nshoma alinong'ona maneno yale matatu, akiyarudia kama mtu anayesali.

Mpishi wa shule ndiye aliyekuja akipiga mayowe, bila kuogopa kibao cha mtu.

"Jamani, mtoto yumo kisimani!"

Mwalimu alitoka mbio. Alishuka kwa kamba ndefu yeye mwenyewe, na viatu vyake na tai yake, akampandisha Maduhu begani. Lakini maji hayamsubiri mtu achague neno. Mtoto alikuwa amekwishakata roho.

Usingizi ulimkimbia Mwalimu, na chakula hakikupita. Siku ya matanga alikwenda kwao Nshoma, kichwa chini, na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima. Alitamani binti yule amlaani, hata amtupie jiwe, huenda angepata nafuu kidogo.

Nshoma alipomwona mlangoni alisimama wima, mikono nyuma, kama darasani. Alidhani Mwalimu amefuata jibu lake.

"Ni 'in', sir," alisema taratibu. "Maduhu is in the well."

Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Mwalimu akaketi chini pale pale mlangoni, akalia kwa kwikwi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Funzo: Mtoto akikujia mbio, sikia kwanza anachokuambia, ndipo umsahihishe anavyokiambia. Kosa la ulimi hurekebishwa hata kesho, lakini roho ikishatoka hairudi.