Dakika Mbili na Sekunde Nne

Sogeeni karibu, na mwenye hamu ya kubishana angoje kwanza nimalize. Ubishi utakuwepo tu, msiwe na wasiwasi.

Huko Mbulu walikuwepo watu watatu. Apolonia alikuwa na miguu. Akikimbia mizunguko miwili ya uwanja, wenzake wanakula vumbi. Fundi Baha alikuwa na vidole vya kushika kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Na Mama Veneranda, ambaye ndiye hasa mwenye hadithi hii, hakuwa na kipaji cha kupigiwa makofi. Yeye alikuwa hasahau, basi.

Mumewe, Kocha Margwe, alikuwa na saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, kazi ya nyumba moja ya mafundi wa milimani huko, ambao tangu enzi za babu zao wanatengeneza saa za kupimia mbio. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mwekundu unaondoka. Ukibonyeza tena, unasimama palepale ulipofika, huku saa yenyewe ikiendelea na safari yake. Ukigusa kitufe cha chini, mshale unarudi sifuri, na kilichopimwa ndiyo kimepotea.

Asubuhi moja kocha alimpima Apolonia mazoezini. Binti alipovuka mstari, kocha akabonyeza, akatazama, akasema, "Binti, njoo uone." Akakaa kwenye nyasi, na hakuinuka tena. Mshale ulikuwa umesimama kwenye dakika mbili na sekunde nne. Apolonia hakuwahi kukimbia hivyo kabla, na baadaye goti lilimkataa. Hakuna karatasi popote iliyoandika mbio zile. Iko saa tu.

Mama Veneranda aliivua mkononi mwa marehemu yeye mwenyewe, bila kugusa kitufe. Tangu hapo, kila alfajiri kwa miaka tisa, aliitia ufunguo ili mafuta yasije yakaganda ndani. Roho yake haikutulia hata siku moja. Mgeni akija, jicho la mama liko kabatini. Wajukuu wakinyamaza kidogo, anakurupuka. Aliwahi kuota kidole, kidole tu cha mtu asiyemjua, kikibonyeza, akaamka analia.

Mwaka wa sita kamani ilikatika, ile springi inayoisukuma saa. Fundi Baha akaigeuzageuza saa.

"Mama, hapa naanza kwa kurudisha mshale sifuri. Ndivyo tunavyofanya."

"Basi nipe saa yangu."

Fundi alimtazama, kisha akafunga duka siku tatu. Aliuzuia mshale kwa kipande cha njiti, akabadilisha kamani bila kuutikisa. Mama alikaa mbele yake siku zote hizo, hata kupiga chafya akimkataza. Saa ikalia tena.

Mwaka huu sasa, akaja mgeni kutoka Uswisi, Mama Odile, ametumwa na nyumba ileile kutafuta saa zao za zamani. Wana daftari ambamo kila saa ina namba na mstari mmoja wa jina la mwenyewe. Kocha aliinunua hii kwa mtu, na mstari wake ulikuwa mtupu.

"Jina ni moja," mgeni alisema. "Tukiliandika hatulifuti. Na mwenye jina ndiye anayeamua saa ifanywe nini."

Chai ikapoa. Apolonia ndiye aliyeanza.

"Mama, sikufichi. Nikipewa mimi, nitabonyeza. Nina wasichana kumi na wawili uwanjani, nawapima kwa kuhesabu mdomoni. Kocha hakuinunua ikae kabatini. Na zile sekunde nilizikimbia mimi."

Fundi Baha akakuna kichwa. "Mimi nilitia kiraka tu. Nikipewa, inakwenda kwao ikafunguliwe yote. Mshale utarudi sifuri, ndiyo, lakini saa itaishi. Ikibaki hivi haimalizi mwaka, na safari hiyo hata mimi sitaiweza."

"Nyote mnaishia kwenye kitufe kilekile," Mama Veneranda alisema. "Mimi nikipewa, itabaki alipoiachia. Ndicho kitu cha mwisho alichokifanya."

Alitamani wamkatalie, wagombane, apate pa kushika. Lakini Apolonia alifuta macho akamsogezea kalamu.

"Andika wewe, Mama. Yeyote utakayemwandika, hatutanuna."

Akaishika. Hapo ndipo alipokumbuka: asubuhi hiyo, kwa hofu ya ugeni, hakuitia saa ufunguo. Ukiondoa zile siku za fundi, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Bila miguu ya Apolonia, kusingekuwa na cha kutunza. Bila vidole vya Baha, saa ingekuwa imekufa miaka mitatu sasa. Bila Mama, mtu angeshabonyeza zamani. Na mgeni ana basi la saa nane.

Haya, mliokuwa mnataka kubishana, nimemaliza. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?