Ujumbe Mmoja wa Bi Nyamizi

Jumatatu asubuhi, Jumbe Kasongwa aliondoa gogo la kuvukia mto. Wakulima wa huku na wafugaji wa ng'ambo walikuwa wamegombana, naye akatangaza kwamba, ili kulinda amani, kila ujumbe wa kwenda ng'ambo ataupeleka mwenyewe, kwa ada ya kuku mmoja.

Bi Nyamizi, mkulima, alikuwa na binti mjamzito ng'ambo, mke wa mfugaji. Akaleta kuku, Jumbe akamla.

"Ujumbe wangu ni mmoja, Jumbe. Ila kwa mkwe hatuanzi bila salamu. Muulize ameamkaje."

Jumbe akavuka, maji kiunoni, akarudi.

"Salama. Anauliza, ninyi je?"

"Wazima. Ng'ombe wake hawajambo?"

Akavuka tena, akarudi.

"Hawajambo. Anauliza mahindi."

"Yamestawi. Wazee wake je?"

Kufika adhuhuri Jumbe alikuwa anatetemeka kwa baridi ya maji. "Mama, huo ujumbe wenyewe ni upi?"

"Tutaufikiaje, baba, na watoto hatujaulizana? Ana tisa."

Jumbe akatazama nyuma ya Bi Nyamizi. Foleni ilifika mashambani, kila mtu na kuku wake, kila mtu na mkwe ng'ambo.

Alasiri aliwaita wakulima na wafugaji, wakalirudisha gogo pamoja. Bi Nyamizi alivuka wa kwanza.