Uzio wa Mfugaji Mtiifu

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu. Na wewe uliyeegemea nguzo nyoosha mgongo, maana mfano wa leo ni wa ng'ombe, na ng'ombe hawamngojei mtu anayesinzia. Wafugaji mlio hapa mtanisahihisha nikikosea.

Mfugaji mmoja wa bara alishuka pwani na ng'ombe wake, mwaka ambao huko kwao hakukubaki hata jani la kuchokolea meno. Ng'ombe mbavu nje, mke amechoka, watoto kila hatua wanauliza, "Tumefika?" Akampata bibi mmoja mwenye ardhi kubwa kando ya bahari. Mjane, mfupi, maneno yake pilipili. Ardhi yenyewe upande wa bara ilikuwa uwanda mtupu wa nyasi, na katikati yake kisima cha maji matamu. Upande wa bahari kulikuwa na vilima vya mchanga vyenye vichaka vya mikunazi, na nyuma ya vilima ndiyo bahari.

Bibi akakubali kumkodisha, lakini kwa mwaka mmoja mmoja. Akamwambia, "Baba, nyasi zote chukua. Kisima nacho tumia. Lakini juu ya vile vilima sitaki kuona ukwato wa ng'ombe. Mwaka ukiisha nitakuja kukagua mwenyewe. Nikiona ukwato mmoja, hatuna mkataba tena, na siku hiyo hiyo unahama."

"Nimesikia, Bibi."

"Umesikia au umeelewa?"

"Nimesikia na nimeelewa," akasema yule bwana. Kusikia alisikia kweli.

Sasa msimfanye mtu mbaya, jamani. Nawaona mnaanza kumkunjia uso na hajafanya kitu bado. Alikuwa mtiifu kuliko wengi wetu humu. Ng'ombe akiinua tu kichwa kutazama upande wa bahari, yeye tayari amekimbia kumgeuza. Akifukuzwa hapa ataenda wapi? Kwao kumekauka, na njia nzima aliyopita kila malisho yalikuwa na wenyewe. Mke, watoto, maziwa ya asubuhi, vyote vilitegemea ukwato usipande kile kilima.

Basi akaamua kujenga uzio. Akachukua panga, akakata miiba, akaipanga chini ya vilima kutoka mwanzo wa ardhi mpaka mwisho, ikamfika mtu kifuani. Kila siku akaongeza tawi. Uzio ukawa mzuri jamani! Wafugaji wa jirani walikuja kuutazama kama watu wanaokuja kutazama bibi harusi. Wakasema, "Wewe bwana, huu hata chui atarudi nyumbani kwake." Naye akachekacheka, akasema ni kawaida tu, kisha wakiondoka anaongeza matawi mengine.

Upepo wa kusi ukaanza. Siku moja mkewe akamwita kisimani.

"Baba watoto, mbona ndoo inakuja na mchanga?"

"Pwani hii, mama. Upepo. Utazoea."

Baada ya siku chache mchanga ukafunika nyasi za karibu na uzio. Ukasogea. Mfugaji akakuna kichwa, akasema mchanga hauwezi kutembea bure, lazima kuna anayeutibua. Katika zizi lake alikuwapo ndama mmoja mwekundu, mtundu, mwenye sifa ya kupenya mahali ambapo hata kuku hapiti. "Ni huyu!" Akamkamata, akamfunga kamba mtini, akamkemea mbele ya mama yake. Ndama akalia. Kisha bwana yule akachukua panga, akaenda kukata miiba mingine ya kuongeza uzio.

Mchanga ukazidi. Akaongeza uzio. Mchanga ukazidi tena, naye akaongeza uzio tena. Mwaka ulipokaribia kwisha, uzio ulikuwa umempita kichwa, na kile kisima kizuri kilikuwa kimejaa mchanga nusu, mkewe anateka matope.

Bibi akaja siku aliyosema, fimbo mkononi, kanga imefungwa kifuani kwa kazi. Mfugaji akamlaki njiani kwa furaha.

"Bibi, tembea popote. Ukiona ukwato mmoja kule vilimani, chagua ng'ombe umtakaye uondoke naye."

Bibi akatembea. Akapita mwanzo mpaka mwisho, anainama, anatazama, anachokora mchanga kwa fimbo. Akarudi anahema.

"Kweli, baba. Hakuna ukwato hata mmoja. Tangu nizaliwe sijapata mpangaji anayeshika neno kama wewe."

Mfugaji akatabasamu mpaka jino la mwisho. Mkewe akapumua.

"Swali moja tu," akasema Bibi. "Miiba yote hii umeitoa wapi?"

"Si hapo tu, Bibi, hapo juu ya..." Akanyoosha mkono kuonyesha vilima. Mkono ukabaki hewani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kujenga, aliangalia kule alikokuwa akikata badala ya kuangalia kile alichokuwa akijenga. Vilima vilikuwa vimenyolewa kama kichwa cha mtoto mchanga. Hakikubaki kichaka cha mkunazi hata kimoja, na upepo ulikuwa unachota mchanga pale mbele ya macho yao na kuuleta kisimani.

Ndugu zangu, ni nani aliyeharibu vilima vile? Ng'ombe? Ndama mwekundu? Yule maskini alikuwa bado yuko kwenye kamba!

Mfugaji akavua kofia. "Bibi, nisamehe. Lakini wewe ulinikataza ukwato. Panga hukulitaja."

Hapo Bibi, na pilipili yake yote, akaishusha fimbo. Kisha akasema, "Hilo kosa ni langu. Nilikukataza, sikukueleza. Mchanga hauna shida na ukwato, mwanangu. Nilijua ng'ombe wakipanda watakula machipukizi ya mikunazi. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usihame, na mchanga usipohama kisima kinabaki kisima. Sikuzuia ng'ombe kwa ajili yangu tu. Nilikuwa nalinda maji yao."

Nyuma yao mke wa mfugaji alikuwa ameshaanza kukunja mikeka, machozi yanamtoka. Bibi akageuka.

"Wewe unakunja nini? Kunjua! Nani amesema mtu ahame? Mkihama, mchanga huu ataurudisha nani?" Akaupiga uzio fimbo. "Hili dude libomoeni. Matawi yote yarudi kule kule yalikotoka, yalale juu ya mchanga yauzuie upepo. Kisha beba samadi ya zizini uimwage katikati ya matawi. Ng'ombe wako wamedokoa kunazi za uzio huu msimu mzima, nimeziona kokwa kwenye samadi. Mvua ikinyesha zitaota."

"Na matawi haya tutayapandishaje, Bibi? Ni mengi."

"Fahali si unao? Wafunge kamba, wayavute."

"Wapande kilimani? Na kwato zao?"

"Na kwato zao! Siku ya kazi wapande, baada ya hapo washuke, mpaka miti ishike. Tena mfungue yule ndama, umwombe radhi."

Wakacheka wote watatu, wakashika kazi siku ile ile. Mfugaji akapewa mwaka mwingine, na safari hii Bibi alimtembeza juu ya vilima akimweleza kila kitu mpaka mwenyewe akaomba waketi.

Haya, ng'ombe wa watu tumewaacha salama. Tuje kwetu.

Ardhi hii tunayogombania tangu mwaka juzi, wenyeji wa pwani na ndugu zetu wafugaji, ni ya nani? Nani kati yetu aliitandaza? Sote tumekodishiwa, na mwenyewe atakuja kukagua. Mwenzangu wa pwani anasema, tuwafukuze wafugaji ili ufuo upone. Mfugaji anasema, ufuo ni miiba tu, nipisheni. Lakini yule Bibi alijua kwamba vilima vinamhitaji mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe anavihitaji vilima. Basi kwenye mkutano wa Jumamosi tuketi tuelezane. Kukatazana tumeshakatazana vya kutosha.

Na sisi wazazi, nusu ya usia wetu ni "usifanye." Mtoto akiuliza kwa nini, tunasema, "Kwa sababu nimesema mimi." Kisha tunashangaa akishika neno letu na kulikosa kusudi letu.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile panga. Mtu anaweza kutii kila neno aliloambiwa na bado akaharibu, akisifiwa na majirani. Unalinda heshima ya nyumba yako kwa ukali mpaka nyumbani hakuna anayethubutu kukueleza shida yake. Heshima hiyo unamlindia nani? Unalinda udugu kwa kumsema ndugu yako kila baraza. Mchanga ukianza kuingia, tunatafuta ndama wa kumfunga kamba. Yupo siku zote, na siku zote ni mdogo wetu, ni mgeni, ni asiyeweza kujitetea.

Sitakwenda mbali kutafuta ushahidi, nitakaa hapa hapa msikitini. Watoto wetu wakija na kelele zao tunawatoa nje, tunasema tunalinda utulivu wa nyumba ya Mungu. Wengine wametolewa mara nyingi, sasa ni vijana na ndevu zao na hawajui hata mlango uko upande gani. Utulivu tumeupata kweli. Hebu geukeni mhesabu safu zilizo tupu nyuma yenu.

Leo Magharibi watoto wakija, asiinue mtu bakora. Kelele zao hazitauangusha msikiti huu. Utaanguka siku tutakapoingia tuukute kimya kabisa, tukasema alhamdulillahi, hakuna anayetusumbua.