Chumba Kinachotazama Stendi

Hapo zamani, si zile za mababu bali hizi ambazo simu zilikwisha kuingia, katika mji mdogo wa Itunda palikuwa na mwanamke aitwaye Sekela, aliyegombea udiwani. Mpinzani wake, Bwana Mwaisumo, alikuwa na gari la vipaza sauti na kofia za kugawa. Sekela hakuwa na gari wala kofia. Alikuwa na miguu yake na masikio yake.

Akaenda sokoni. Akaketi kwa Mama Bupe, mama lishe, akamenya naye viazi, akamuuliza, "Mama, biashara yako inakwama wapi?"

"Mvua, mwanangu. Ikinyesha, wateja wanakimbia na sahani zangu."

Akaenda kwa Ambakisye, fundi cherehani, akamuuliza vilevile. "Giza, dada," akajibiwa. "Kibandani humu uzi naupapasa." Fundi yule akampenda Sekela, akawa mpiga kampeni wake.

Akaenda hata kwa Lusajo, muosha magari, aliyevaa kofia ya Mwaisumo. "Mimi si mtu wako," Lusajo akamwambia.

"Sikukuuliza hilo. Biashara yako inakwama wapi?"

Lusajo akacheka. "Maji. Nayavuta mtoni kwa pampu, na pampu yenyewe imechoka."

Alasiri moja ya upepo mkali, soko likashika moto. Vibanda vilikuwa vya mbao. Kimoja kikakiambukiza kingine.

Ambakisye akaingia kwa jirani, akatoa magunia ya mchele. Akaingia kwa mwingine, akatoa mitumba. Kila alipogeuka aende kwake, mtu mwingine alimlilia, naye akaenda kwa aliyelia. Alipofika kwake, cherehani yake ilikuwa chuma cheusi.

Lusajo akakokota pampu yake hadi ukingo wa mto kando ya soko, akaelekeza mpira wa maji motoni. Pampu ikanguruma, ikaanza kutoa moshi. "Izime, itakufa!" watu wakapiga kelele. Hakuizima. Moto ukakomea kwenye ukuta wa zahanati iliyopakana na soko, mlimolala wajawazito, na pampu ikafa palepale.

Kisha zikaja hasira. Watu wakamkamata Masanja, mchoma mishikaki, mgeni kutoka Usukumani. "Ni jiko lako!" Mawe yakaokotwa. Sekela akapaza sauti, hakuna aliyemsikia. Ndipo Mama Bupe akapenya katikati, akamkinga Masanja kwa mwili wake.

"Mwacheni! Moto umetoka kwangu. Niliacha makaa yanawaka, nikaenda kuchota maji. Kama ni mawe, nipigeni mimi."

Hakuna aliyekuwa amemwona. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mikono ikashuka, mawe yakaanguka.

Kesho yake Sekela akafungua ghala la mahindi aliloachiwa na marehemu baba yake. "Ingieni mfanye biashara mpaka soko lijengwe. Kodi sitaki. Aliye wangu aingie, na aliye wa Mwaisumo aingie." Wakaingia wote. Lakini chumba kimoja cha mbele kilikuwa na dirisha pana, bomba la maji na kuta za matofali, na mlango wake ulitazama stendi ya mabasi. Kila mtu alikitamani. Sekela akakifunga. "Hiki tutaamua baada ya uchaguzi, asije mtu akasema nimenunua kura."

Kura zikapigwa. Sekela akashindwa.

Alilia, akanawa uso. Wafanyabiashara wakaanza kufunga mizigo yao, maana walijua ghala ni mali yake na walidhani sasa atawatoa. Asubuhi wakamkuta anafagia mlangoni. "Mnahama mwende wapi?" akawauliza. Mizigo ikafunguliwa. Hata diwani mpya akaja, akampa Sekela mkono, akamwomba aingie katika kamati ya kujenga soko. Sekela akakubali.

Ndipo wakakusanyika kuamua juu ya chumba.

Ambakisye akasema, "Dada, sidai kwa sababu ya kampeni. Nadai kwa sababu mali za hawa zimo humu leo, na cherehani yangu haimo. Nimeazima nyingine. Naomba mwanga wa dirisha."

Lusajo akavua kofia. "Mimi nilikupinga, na kura yangu hukuipata. Lakini zahanati imesimama, na pampu yangu haipo. Nipe bomba lile, niyaoshe magari ya stendi."

Mama Bupe akainama. "Mimi sina la kudai. Nimewaunguzia soko."

Masanja akainuka. "Haombi, namwombea mimi. Ghalani hamumruhusu kuwasha jiko, na mna haki ya kuogopa. Pale penye matofali tu ndipo anapoweza kupika. Asipopapata, ndiyo basi. Fundi aliokoa mali, Lusajo aliokoa zahanati. Mama huyu aliniokoa mimi, nisiye ndugu yake, na akajitia aibu mbele yenu nyote."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Aliyeunguza ndiye apewe tuzo?" Mwingine akasema, "Ukimpa fundi, watasema umemlipa mpiga kampeni wako." Wa tatu akasema, "Ukimpa Lusajo, sisi tuliokupigia kura tujisikieje?"

Sekela akawatazama mmoja mmoja. Moyo ulimvuta kwa fundi, aliyetembea naye kila kitongoji. Ukamvuta kwa Lusajo, ambaye hakuwa na sababu ya kutegemea hisani yake. Ukamvuta kwa mama yule aliyeshindwa kuinua uso. Akautoa ufunguo mfukoni. Ghala zima likanyamaza.

Nami nanyamaza hapohapo, wasikilizaji wangu, maana chumba ni kimoja na wenye haki ni watatu. Semeni nyinyi: kati ya fundi, muosha magari na mama lishe, je, nani alistahili kufunguliwa mlango ule?