Kijana Aliyekosa Jamaa wa Kumtuma

Waumini, alikuwapo kijana mmoja muuza viatu. Ibada aliipenda, na sauti yake ya kusoma Qurani ilimtoa mtu machozi. Kisha akapata marafiki wapya, wakampa neno moja tu: hukumu ni ya Allah peke yake. Neno la kweli, nani atalikataa? Lakini wao walilifanya panga. Aliyekwenda mahakamani, kafiri. Aliyepiga kura, kafiri. Baba yake alikubali watu wamsuluhishe na jirani juu ya mpaka wa shamba; naye kafiri! Kijana akaacha kumwamkia baba, na nyama iliyochinjwa na mzee huyo hakuitia mdomoni. Tumbo likinguruma, yeye anajiona bingwa.

Mkewe alivumilia. Siku alipokatazwa kumuuguza mama yake kwa kuwa eti mama naye kafiri, alimbeba mtoto akaenda kwao.

Nyumba ikapooza. Kijana alimpenda mkewe, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akimkimbilia mlangoni. Hakustahimili. Akaenda ukweni, akapiga hodi.

"Namtaka mke wangu."

Baba mkwe akamjibu taratibu, "Karibu, mwanangu. Tukae na waamuzi, mmoja wa kwenu na mmoja wa kwetu. Wewe unamleta nani?"

"Mimi siamuliwi na binadamu. Hukumu ni ya Allah!"

Mkewe akasema kutoka ndani, "Na aliyeamrisha muamuzi wa jamaa za mume na muamuzi wa jamaa za mke ni nani, mume wangu? Si Allah huyo huyo, katika Suratun Nisaa?"

Aya hiyo kijana aliihifadhi tangu madrasa. Akawapitia jamaa zake moyoni: baba, kafiri. Ami, kafiri. Kaka, kafiri. Wote keshawatoa katika Uislamu, na sasa Allah anamtaka amlete mmoja wao. Waumini, angemleta nani?

Alirudi mbio, akamkuta baba yake akitawadha.

"Shikamoo, baba. Njoo uniamulie."

"Mimi kafiri?"

"Wewe Muislamu, baba. Mimi ndiye niliyepotea. Nisamehe."

Mzee akamkumbatia na mikono yake mibichi, akacheka huku analia. "Twende. Alasiri tutaisali huko huko."

Alhamdulillahi! Alasiri hiyo kijana alisali nyuma ya baba yake. Magharibi haijaingia, waamuzi walikwishawapatanisha, mke na mtoto walikuwa njiani kurudi nyumbani, na vigelegele mtaa mzima.

Mnadhani maradhi haya yameanza jana? Makhawarij walijitenga na Sayyidna Ali kwa neno hilo hilo, kwa kuwa alikubali waamuzi. Wakawakufurisha Masahaba, wakamwaga damu za Waislamu. Imepokewa kwamba Ibn Abbas aliwaendea akawasomea aya hii hii ya mume na mke, na maelfu wakarejea. Hawa walirejea kwa Qurani, ndugu zangu, kwa ile sehemu waliyokuwa wameiruka!

Basi sisi, akija mtu na aya moja mkononi anataka tuwachukie wazazi wetu, tumwambie: endelea kusoma, usiishie hapo. Hatumwogopi, maana Kitabu chote kiko upande wetu. Na wewe ambaye mwanao amekuita kafiri akaondoka, usimfutie udugu. Ukitoka hapa msikitini, kabla hujala, mpigie simu.