Ngiri na Neno "Kwani"

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye usingizi. Kina baba mliojificha huko nyuma, itikieni vizuri, maana ya leo ni yenu. Paukwa!

Pakawa!

Basi zamani hizo, zamani sana, aliondokea Bwana Ngiri. Alikuwa na mke, Bi Mashavu. Alikuwa na watoto watatu. Alikuwa na shimo zuri lenye mlango mmoja. Na alikuwa na desturi yake: akirudi jioni, huingia nyumbani kinyumenyume. Makalio yanatangulia, uso unabaki nje.

"Nalinda nyumba," alisema. "Adui akija, akutane na meno yangu."

Mwaka wa kwanza adui hakuja. Mwaka wa pili hakuja. Lakini kila jioni kwato zilichimba, paru-paru-paru, na mchanga ukaruka nyuma, tifu! Bi Mashavu akikohoa huko ndani, Ngiri huuliza huku anatazama nje, "Kwani mimi nimekosa nini?"

Swali ameuliza. Jibu halingoji. Mke akifungua kinywa, mume keshakoroma.

Siku moja akarudi. Makalio yakaingia, paru-paru-paru, tifu! Hakukohoa mtu. Ndani kimya, jii. Bi Mashavu amekwenda kwa mama yake, na watoto wote watatu.

Ngiri akalia. Msicheke, alilia kweli, maana aliwapenda, na shimo lilikuwa limempwaya.

Asubuhi akaitisha kikao cha madume.

"Mke wangu ana tatizo gani?" akauliza.

"Hana shukrani," akasema Nyati, ambaye mkewe alimhama tangu masika.

"Ni mkali," akasema Kuro, ambaye wake zake wanane hakuna hata mmoja anayejua amekula nini jana.

Fisi akatazama kwanza huku na huku, mkewe asije akasikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wanawake ni wa kuamrishwa tu."

Wakamtungia maswali. Ngiri akayakariri njia nzima, mpaka ukweni.

"Kwa nini umeniaibisha?" akamwuliza mkewe. "Kwa nini hukusema? Kwa nini unasikiliza ya watu? Kwani mimi nimekosa nini?"

Mama mkwe akamtazama. "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nenda salama."

Akarudi. Ule mkia wake ambao husimama wima akikimbia, siku hiyo ulilala. Njiani akamkuta Nguchiro, yule anayemtoa kupe mgongoni, mdogo wa umbo lakini mdomo wake haujui mkubwa. Akampanda mgongoni, akaanza kazi.

"Shemeji," akasema Nguchiro, "mimi nakujua kwa nyuma. Na mkeo hivyo hivyo, anakujua kwa nyuma tu."

"Unanitukana?"

"Nakutoa kupe, tulia. Hilo swali lako zuri. Ondoa 'kwani', halafu ufunge mdomo. Lakini kwanza kaingie kwako kichwa kikitangulia."

Ngiri akaenda. Akaingia kichwa mbele, kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Akanasa, ndi! Kugeuka hawezi. Akabaki kutazama ya ndani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama.

Akaona pa kulala pa mkewe, pembeni kabisa, pamefukiwa na mchanga. Akaona vishimo vitatu vidogo ukutani, watoto wamejichimbia wajifiche. Wanamkimbia nani? Adui hajaja. Ni nani basi anayeingia humu kila jioni?

Hapo hapakuwa na Fisi wa kumjibu. Alijijibu mwenyewe, na aibu ikamshika hata masikio yakamwanguka. Akatoka kinyumenyume, hilo alikuwa fundi wake, na kulipokucha akarudi ukweni.

"Mama watoto," akasema, "nimekosa nini?" Akafunga mdomo.

Bi Mashavu akaingoja ile "kwani". Haikuja. Basi akaanza kusema. Akasema jua likiwa chini, akasema jua likiwa utosini. Akasema mchanga, akasema macho ya watoto, akasema miaka ya kuzungumza na makalio. "Kwani" ikapanda kooni mwa Ngiri. Akaimeza. Ikapanda tena. Akaimeza tena.

"Endelea," akasema.

Alipomaliza, Ngiri akamwuliza, "Ungependa niwe naingiaje?"

"Kama mgeni," akasema Bi Mashavu. "Mgeni hupiga hodi."

Jioni wakarudi nyumbani. Mama na watoto wakaingia. Ngiri akageuza makalio, maana adui ni adui, lakini akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Subiri," akasema Bi Mashavu. "Watoto hawajakaa."

Mwenye nyumba akasubiri nje ya nyumba yake. Nyati akapita, akamwona, akacheka sana. Kisha akaenda zake kulala peke yake.

"Haya, karibu," ikaja sauti kutoka ndani. Ngiri akaingia polepole, kwato moja, kwato ya pili, na hakukohoa mtu.

Maana yake ni hii: kabla hujauliza mwenzako ana nini, jiulize wewe unamfanyia nini. Na ukishamwuliza, ngoja jibu. Hadithi yangu naiweka chini hapo, anayeitaka aiokote. Na wewe baba uliyenong'ona "kwani" huko nyuma, nimekusikia.